Kigelegele cha Saa Saba

Ilipokaribia saa saba mchana, wanawake wote tuliokuwa msibani tulinyamaza. Siku hizi hakuna anayeruhusiwa kuililia wala kuifurahia habari kabla kisanduku cha serikali cha ukutani hakijaifafanua katika taarifa ya saa saba, nasi tulikuwa tumelia tangu alfajiri.

Dada yangu Tusekile alikaa mkekani, ameegemea jeneza la mwanawe. Lusajo alikuwa akiuza viatu sokoni. Jana tingatinga liliangusha ukuta wa soko na yeye yumo ndani. Mimi ndiye niliyemfuta uso. Kucha zangu bado zina vumbi la saruji.

Kisanduku kikajikohoza kama mtu aliyeshiba.

"Soko kuukuu limesafishwa," kikasema kwa sauti tamu. "Hakuna aliyedhurika. Hisia inayofaa ni furaha."

Nikalitazama jeneza. Atupele, jirani aliyekuwa akijigaragaza chini asubuhi nzima, akajifuta kamasi kwa khanga.

"Kumbe ni jambo la heri," akasema, kisha akaomba chai na maandazi.

Nikamnong'oneza Tusekile, "Dada, usiwasikilize hawa."

Akanigeuzia macho mekundu. "Nimebakiwa na watoto wawili," akasema. "Na wao wanafanya kazi mjini."

Akaweka mkono juu ya jeneza, akavuta pumzi, akapiga kigelegele. Wenzake wakampokea mmoja mmoja, wakizunguka mkeka mzima, hadi macho yote yakanigeukia mimi.

Nikapiga changu, kirefu kuliko cha mama mtu.