Mwalimu wa Nyani

Jiwe la kwanza lilipasua dirisha la chumba cha kujifungulia. La pili lilimpata mlinzi kwenye taya, naye akaanguka langoni bila hata kupiga kelele.

Anastase alikuwa akimfunga kidonda mzee mmoja wa Kibumba. Alipochungulia nje aliona watu kama arobaini wakimiminika uani, wengine na fimbo, wengine na mawe meusi ya volkano, ambayo mjini Goma hayatafutwi, yanaokotwa popote unaposimama. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Wengi wao aliwajua kwa sura. Alikuwa amewachanja watoto wao.

Alijua pia wamefuata nini. Nyuma ya kituo cha afya kulikuwa na chumba cha maombi, na watoto wanne wa waumini wake walikuwa wamekufa kwa kipindupindu ndani ya wiki moja. Jana yake mhubiri alikuwa amesema kwamba laana haiingii bila mlango, na mlango huo ni muuguzi mmoja anayesema binadamu alitoka kwa nyani. Hakutaja jina. Alisema hakuna haja, wote wanamjua.

Nani tena kama si yeye? Mwaka wa sita huu Anastase alikuwa akibishana na wenzake katika chumba cha wauguzi. Aliwaambia kwamba dawa iliyokuwa ikiviua vijidudu zamani leo haivitishi, kwa sababu vile vichache vilivyonusurika vimezaa vingine vigumu kama vyenyewe. Na kwamba viumbe vyote vimebadilika kwa njia hiyo hiyo, mwanadamu naye hakuachwa nje. Wengine walicheka. Mama Katungu, mkubwa wao, alikuwa akimjibu kwa kitabu cha Mwanzo: kila kiumbe kwa jinsi yake. Lakini mwaka huu alikuwa ameacha kujibu. Alimsikiliza, akauliza swali moja au mawili, akarudi kwa wagonjwa. Anastase alidhani amechoka naye.

Sasa ni Katungu huyo aliyemshika mkono. Alimvuta mpaka depo ya dawa, akamsukuma ndani.

"Bakia humu," alisema kwa sauti ya chini. "Hata ukisikia nini, usiseme kitu. Ukitoka, watatuua sisi wote wawili."

Mlango ulikuwa wa chuma. Aliufunga kwa ufunguo kutoka nje.

Gizani, kati ya makatoni ya maji ya mishipa, Anastase alijipa moyo kwa jambo moja: hao walikuwa watu wa kanisa lake Katungu. Aliomba nao, alizika nao, Jumapili aliwafundisha watoto wao. Mama wa miaka hamsini na nane, nani angemnyanyulia mkono?

Miguu ilijaa kwenye kibaraza. Sauti ya mwanaume ikaamuru mwalimu wa nyani ajitokeze kabla kituo hakijachomwa moto. Kisha akaisikia sauti ya Katungu, ile ile anayoitumia kila siku kumwita mgonjwa anayefuata.

"Ni mimi hapa. Muwaache wagonjwa."

Pigo la kwanza lilisikika kama gunia la maharage linalotupwa chini kutoka juu ya lori. La pili lilivunja mfupa. Muuguzi haukosei mlio huo. Mwanamke mmoja alisema avuliwe koti jeupe, halistahili. Wakamburuta hadi uani, na huko yakaanza mawe. Katungu alilia mara moja tu, kilio kifupi, kama mtu aliyekanyaga moto. Baada ya hapo zilisikika pumzi za wanaopiga.

Anastase alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono miwili. Mlango ulikuwa umefungwa, hilo ni kweli. Lakini sauti yake haikufungwa na mtu. Maneno mawili tu, niko huku, yangetosha kuwatoa juu ya yule mama na kuwaleta kwake. Aliyafikisha mpaka kwenye ulimi, akayameza.

Gari la watu wenye bunduki lilipita barabarani, wakafyatua risasi hewani, na ule umati ukatawanyika kama ulivyokuja. Mjamzito mmoja aliyejificha chini ya kitanda ndiye aliyetoa ufunguo kwenye mfuko wa gauni la Katungu na kuja kumfungulia.

Walimlaza Katungu mezani. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika mara mbili, jicho moja limefungwa na uvimbe, ngozi ya kichwa imefunguka kutoka paji la uso hadi sikioni. Ganzi iliyobaki haikutosha. Anastase alishona hivyo hivyo, naye Katungu hakulalamika. Alikuwa akisali, akiwaombea msamaha waliompiga, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Uzi ulipokatwa, Anastase alipiga magoti kando ya meza. Alimweleza kwamba yeye ni mwoga, kwamba alikuwa na mdomo na hakuufungua. Alisema kesho atakwenda mwenyewe kwa mhubiri, akajitaje mbele ya kanisa lote, kwa sababu hataweza kuishi akijua kwamba mama asiyewahi kusema uongo alisema uongo akapigwa kwa ajili yake.

Katungu aligeuza kichwa polepole, akamtazama kwa jicho lile moja lililobaki wazi.

"Uongo gani, mutoto wangu? Watoto wa kanisa waliniuliza mutu alitoka wapi, na mimi nikashindwa kuwadanganya."