Pointi Nane za Sikudhani

Katika klabu ile, mashindano ya kirafiki ya skwoshi yalikuwa na desturi moja: aliye dhaifu hutangulizwa pointi. Sikudhani, mwalimu wa chekechea, alitangulizwa nane kila mwaka, na kila mwaka alipigiwa makofi kama mtoto aliyefunga kamba za viatu mwenyewe.

Safari hii alipangiwa Shomvi, bingwa wao. Katibu, aliyesahau miwani nyumbani, akaandika ubaoni kwa chaki, akatangaza: "Nane kwa bila! Wa kwanza kufika kumi na tano!"

Mpira wa kwanza wa Sikudhani ukaingia kona, ukafia hapo hapo.

"Nane kwa moja!"

Watu wakatazamana. Ile nane ilikuwa mbele ya jina la Shomvi.

"Umekosea, mzee," Shomvi akacheka. "Hizo ni za dada."

Katibu akachukua kitambaa afute. Sikudhani akashtukia anacheka pia.

"Ziache hapo hapo, mzee. Tucheze, kaka."

Wakacheza. Shomvi alikuwa na kawaida ya kufuta kiganja ukutani akikutana na mtu anayemtia hofu. Kwa Sikudhani hakuwahi kukifuta.

"Kumi na nne kwa kumi na nne!" katibu akaita.

Sikudhani akajiandaa kuanzisha. Akageuka kumtazama Shomvi. Bingwa hakuwa akicheka tena. Alikuwa akifuta kiganja ukutani, taratibu, kidole baada ya kidole.

Sikudhani akaurusha mpira juu, meno yote nje.