Sauti ya Sekibo Yahamishwa

Wiki hiyo iliamriwa kwamba programu zote za zamani za kutengenezea muziki zizimwe ifikapo Ijumaa. Zawena, mwenye studio ndogo jijini Tanga, aliogopa kuhamia programu mpya ya akili bandia, kwani sauti ya marehemu mumewe, Sekibo, ilikuwa katika ile ya zamani. Akawauliza watayarishaji wenzake kwenye kundi lao la simu.

"Hamia tu, dada," alijibu Kibwana. "Kazi ya siku tatu naimaliza kabla ya chai."

"Nzuri, ila inajifanya inajua kuliko mimi," aliandika Nasra.

Alhamisi asubuhi Zawena alibonyeza kitufe cha kuhamisha, akafumba macho. Alipofumbua, nyimbo zote zilikuwepo. Alifungua wimbo wa mwisho na Sekibo akaimba, safi kuliko zamani. Zawena alicheka huku machozi yakimtoka. Binti yake Mwanaidi, aliyezaliwa baada ya msiba, akaja mbio kutoka jikoni.

Walisikiliza hadi ubeti wa pili, pale Sekibo alipoishia alipougua. Sauti haikunyamaza. Iliendelea na ubeti wa tatu, ikamtaja Mwanaidi kwa jina.

"Mama! Kumbe baba alikuwa ananijua?"

Jina hilo Zawena alilichagua peke yake, baada ya mazishi. Akamvuta mtoto karibu.

"Sikiliza kwanza, mwanangu."