Mazoezi ya Bibi Mshonaji

Bibi mshonaji aliinuka kitini bila kushika popote, akakaa, akainuka tena. Mara ya tatu goti likagoma. Akabaki ameinama, si wa kukaa si wa kusimama, ameng'ang'ania meza ya cherehani.

Majirani walishamzoea. Sukari aliiacha, chumvi akaipa kisogo, na kila asubuhi aliuzunguka mtaa kwa miguu kama mtu anayefukuzwa. Fundi viatu wa jirani hakuacha kumchokoza.

"Mama, huyo mchumba umemficha wapi?"

"Mchumba wa nini na uzee huu? Nina mtoto ndani."

Fundi akainamia kiatu chake. Utani ukaishia hapo.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Kufa kwenyewe hakukumsumbua, aliyezaliwa atakufa. Kilichomnyima raha ni huyo mtoto. Akiondoka yeye, nani atampikia uji mlaini amlishe kwa kijiko? Nani atambadilisha zile nepi alizomshonea kwa shuka kuukuu? Ndugu walikuwa wengi, lakini siku za harusi tu. Ndiyo maana kila siku aliinua ndoo ya maji na kuishusha, mikono isimlegee, maana mtoto alizidi kuwa mzito.

Daktari wa zahanati, kijana aliyehamia juzijuzi, alilibonyeza goti akatikisa kichwa.

"Bibi, hili limechakaa. Hakuna kuinua kitu kizito tena."

"Hata mtoto?"

"Hasa mtoto. Kwani mama yake yuko wapi?"

"Yupo. Ila naye amechoka."

"Basi wengine wamsaidie. Na usihofu, bibi, watoto hawakawii kukua. Ukifumba na kufumbua, yeye ndiye atakuwa anakubeba wewe."

Bibi akamshukuru. Angemwambia nini? Kijana wa watu, hakuwa na kosa.

Nyumbani alimkuta mtoto ameteleza kutoka kwenye mto, amelala ubavu, macho mlangoni. Alimpitishia mikono kwapani, akavuta. Goti likalia. Akavuta tena huku akimwomba Mungu, machozi yakamtoka, na mtoto hakusogea hata kidogo. Vitamu vyote alivyojinyima, matembezi yote yale, na nguvu zikamkimbia siku aliyozihitaji.

"Nisamehe, mwanangu," alisema akihema. "Leo tutakula hivyo hivyo ulivyolala."

Akamlisha pole pole, akimngoja ameze, akamfuta uji kidevuni. Kisha akampaka sabuni, akachukua wembe, akaanza kumnyoa ndevu, ambazo mwaka huu zilikuwa zimeingia mvi.