Nguruwe Siku ya Sabato

Awuor alivitoa vipande viwili vya nguruwe kwenye kikaangio cha hewa ya moto, akaviacha vitulie ili visipoteze majimaji. Mumewe ndiye aliyeviomba. Tangu atoke hospitali, siku ya tano sasa, hakuwa amekula kitu.

Mama mkwe, Msabato wa Kendu Bay tangu utotoni, asiyegusa nguruwe, akaingia kutoka kanisani.

"Inanukia vizuri, nyathina, mwanangu. Ni mbuzi?"

Awuor alikuwa amechoka mno kudanganya. "Ni nguruwe, Mama."

Mgonjwa akaita kutoka chumbani, sauti nyembamba, "Bado haijaiva?"

Mama mkwe aliutazama mlango wa chumba. Kisha akakunja mikono ya gauni lake jeupe, akanawa.

"Mkatie vidogovidogo," alisema. "Nitamlisha mwenyewe."