Sikio la Sijali

Palikuwa na mbwa dume, Sijali, mwenye watoto katika kila boma, naye hakumjua hata mmoja.

"Kazi yangu ni kupanda mbegu," alijigamba. "Kulea ni kwa wenye maziwa."

Siku moja akamwona Tunu, jike kijana aliyehamia kijijini, akamfuata akitikisa mkia.

"Nizalie watoto, mrembo."

"Kwetu mchumba huulizwa ukoo kwanza, bwana. Baba yako nani?"

"Ukoo! Sisi ni mbwa, si masultani. Baba yako wewe ni nani?"

"Simjui. Mama alibeba mimba peke yake, akatuzaa sita kichakani, wanne wakafa kwa njaa. Alinipa alama moja tu ya baba: sikio la kushoto lililopasuliwa na ngiri. Aliniambia nikimkuta nimsalimie."

Sijali akajaribu kulilaza sikio lake la kushoto. Kipande kimoja kikalala, kingine kikabaki kimesimama.

Tunu akakitazama kipande kile. Akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."