Nyuzi Saba

Ukuta wa tajiri ulipokula kiwanja cha Mashavu, mjane, wewe jirani uliuona ukageuza uso.

Mpima ardhi alishikilia kuwa ukuta na ua wa minyaa, ng'ambo ya kiwanja, bado ni sambamba. Mashavu akafunga kamba kwenye ua, akaikaza hadi ukutani, akapima kwa kipimapembe pembe mbili za ndani, moja kila upande wa kamba.

“Uani nyuzi sabini. Ukutani sitini na tatu. Ingekuwa sambamba, zingelingana.”

“Bibi, hizo hesabu za shule.”

“Na wewe ulisomea jikoni, mwanangu? Haya, pima mwenyewe.”

Hakuinama. Aliikanyaga kamba mpaka ikalala vumbini. Mashavu akaivuta, viganja vikichubuka.

Bado anaivuta peke yake. Inuka ukaishike naye, sasa hivi.